Kilo ya Maji, Kijiko cha Vanila

Wajukuu zangu hunicheka sana kwa ajili ya aiskrimu. Wakiniletea kopo la vanila kutoka mjini Bariadi, mimi sigusi kijiko kwanza. Natafuta miwani, nalizungusha kopo, nasoma yale maandishi madogo ya ubavuni: mafuta kiasi hiki, sukari kiasi hiki, protini, madini ya chokaa. "Bibi, inayeyuka hiyo! Unaisoma kama barua ya posa?" Nawaambia wanyamaze, watu wazima wanasoma. Ukweli ni kwamba siwezi kula kabla sijasoma, na si kwa uzee peke yake. Kuna mchana mmoja nilihitaji kujua kilichomo ndani ya aiskrimu kuliko nilivyowahi kuhitaji kujua kitu chochote, na hapakuwa na maandishi ya kunisaidia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mkoa wa Simiyu haukuwapo hata kwa jina, tulihesabiwa Shinyanga. Watu walikuwa wametolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika, wengine kutoka mbali kama Nkoma, wakapangwa kwenye kijiji kipya njia ya Dutwa, nyumba kwa mistari. Mimi nikapelekwa pale kuwa Bibi Afya. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti kipya, viatu vya ngozi na mdomo. Mdomo hasa.

Kila mwezi, siku ya kliniki, tulitundika mzani kwenye boriti ya ghala la pamba. Mtoto anavalishwa kaptula ya turubai, ananing'inizwa, analia, mshale unatulia, mimi nasoma kilo kwa sauti na kuweka nukta kwenye kadi yake. Aliyeongezeka tulimpigia makofi na vigelegele. Aliyepungua, mama yake nilimsema palepale mbele ya wenzake. "Wewe mayu, mbona kuku wako wananenepa na mtoto anakonda? Karanga za nani unazianika juu ya paa?" Wanawake wengine walicheka, yule aliinamisha uso. Nilidhani hiyo ndiyo kazi, kumtia mtu aibu mpaka alishe mtoto wake.

Walikuwa na imani moja iliyonikera. Mama akishika mimba nyingine wakati mtoto bado ananyonya, walisema amembemenda yule mdogo, amemharibu kwa tamaa zake, na mtoto atadhoofika mpaka afe. "Habemendwi mtu hapa!" niliwaambia nikipiga ubao kwa fimbo. "Hiyo ni njaa ya maziwa tu." Na kwenye ubao nilichora vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kulinda mwili. Walivisoma kwa pamoja kama sala.

Basi nikashika mimba mimi. Binti yangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nikamwachisha ziwa ghafla, kwa siku mbili, kwa pilipili. Sikuwa na wasiwasi. Si mimi ndiye mwenye ubao?

Lakini ng'ombe wetu hawakuwapo. Kijiji kipya hakikuwa na malisho ya kutosha, kwa hiyo mume wangu na ndugu zake walikuwa wamewaswaga mpaka upande wa Bukundi, naye akakaa nao huko miezi. Maziwa yaliyotufikia ni mtindi kutoka kwa jirani, na mtindi wenyewe umeshatikiswa kwenye kibuyu mpaka siagi yote imetoka kwenda kuwa samli. Kilichobaki ni cheupe na kichachu, hakina mafuta hata ya kulainisha mdomo. Mimi asubuhi naondoka kwenda kufundisha watu kulisha watoto, wangu anabaki na mama mkwe wangu, anakula uji wa mtama, ugali na mlenda, michembe ya viazi vilivyokaushwa. Tumbo linajaa. Nami nikirudi jioni nimechoka, nikikuta tumbo limejaa naridhika.

Akawa mpole. Zamani alikuwa anafukuza vifaranga mpaka wanakimbilia chini ya kitanda, sasa anakaa pale alipowekwa. Nywele zikawa nyepesi, rangi ya kutu. Niliona, sisemi sikuona. Nikasema ni jua. Nikasema ni meno. Halafu siku ya kliniki ikafika, nikamtundika kwenye mzani, na jamani, kaongezeka kilo moja na robo! Nikaisoma kwa sauti kubwa kuliko za wengine wote. Makofi, vigelegele. Siku hiyo kulikuwa na mtoto mmoja tu wa kumkaribia binti yangu kwa kuongezeka, wa mama mmoja mnyamavu aliyekuwa akikaa safu ya nyuma, na yule naye nikampigia makofi. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Mama mkwe wangu akamtazama mtoto, akasema taratibu, "Ng'wanone, mwanangu, huyu mbona kanenepa miguu tu?"

Nilimjibu vibaya, nakumbuka. Nilimwambia mzani haudanganyi.

Kesho yake nilikuwa namwogesha uani. Nilimshika mguu kumsugua, kidole gumba kikakaa juu ya unyayo, nikabonyeza bila kufikiri. Nilipokitoa, shimo lilibaki. Nikalitazama. Lilikaa pale, duara la kidole changu, ngozi haikurudi. Nikabonyeza mguu wa pili. Shimo. Maji ya beseni yakapoa na mimi nimechuchumaa palepale, kwa sababu nilijua ni nini. Nilikuwa nimekifundisha mwenyewe. Mwili ukikosa chakula cha kuujenga, maji hujaa chini ya ngozi. Ile kilo na robo ilikuwa maji. Nilikuwa nimepigia makofi maji.

Ningemchukua siku ileile kumpeleka hospitali, ndivyo ningemwamuru mwanamke mwingine yeyote. Sikumpeleka. Nilimvika soksi. Naandika haya nikiwa bibi kizee na bado naona haya. Nilimvika soksi za sufu, jua la Septemba likiwaka, ili mtu yeyote asiione miguu yake. Niliogopa kuonekana. Nilisikia masikioni sauti zao zote wale niliowasema: Bibi Afya mwenyewe! Na kuna hofu nyingine chini ya hiyo, ya kipumbavu, iliyonikamata kila nilipoinama na tumbo langu la mimba likanizuia: kama ni kweli? Kama nimembemenda? Mimi niliyepiga ubao kwa fimbo nilianza kulichukia lile tumbo.

Siku nne alivaa soksi. Mama mkwe alimfunga hirizi shingoni, nami sikuitoa. Siku ya tano alikataa kula. Si kugoma kwa mtoto mtundu, la. Uji ulipofika midomoni aligeuza uso pembeni, bila kulia, bila nguvu, kama mtu aliyekwisha amua. Hapo mama mkwe wangu akavua zile soksi mwenyewe, akaona, akaniangalia. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Funga kanga, twende barabarani."

Tulipata lori la pamba mpaka Bariadi. Alikaa mapajani mwangu juu ya marobota, mzito kwa yale maji, na njia nzima niliweka kiganja kifuani kwake kuhakikisha kinapanda.

Hospitali, mganga alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Hakunisema. Alibonyeza mguu, akatazama nywele, akaandika kwenye karatasi: maziwa ya unga, mafuta ya kula, sukari, maji yaliyochemka. Vipimo vyake kwa vijiko. "Kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Na mfunike vizuri. Mtoto wa ugonjwa huu mwili wake hauna moto, akipata baridi anazimika." Neno hilo, anazimika, lilikaa tumboni mwangu pamoja na ile mimba.

Nikachanganya. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchanganya. Hakula. Nilimpa kwa kijiko, akatema. Nilimpa kwa kikombe, akabana meno. Nilimdanganya kwa wimbo, nikamlazimisha kwa kumziba pua, Mungu anisamehe, akatapika yote. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayafuati kitu. Asubuhi ya siku ya tatu mganga alisimama kando ya kitanda. "Asipomeza leo, kesho tutampitishia mpira puani," akasema. "Nisikufiche, mama. Amechelewa." Niliwahi kumwona mtoto mmoja na mpira wa namna ile wakati nasoma. Alikufa nao. Mama mkwe akanifunga kanga yake mabegani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Kitanda cha jirani alikuwapo msichana wa miaka kama saba aliyevunjika mkono, binti wa mama mmoja mwenye duka pale mjini. Mama huyo alikuwa mwanamke wa Kiislamu, baba yake Mmanyema wa Tabora na mama yake Mwarabu, mcheshi, ushungi wake ukimteleza kila saa. Kwao walikuwa na friji la mafuta ya taa, kitu ambacho Bariadi nzima waliweza kukihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mchana ule alikuja na chupa ya chai. Akafungua kizibo, akachota ndani kitu cheupe kama malai, kinatoa moshi wa baridi. "Haya, mtoto wa deko, hiyo aiskrimu yako, usinililie tena." Harufu ikatufikia. Sijui niisemeje, tamu, lakini si ya tunda lolote la kwetu.

Binti yangu akageuza macho. Nilimwona. Kijiko kilipanda kuelekea mdomo wa yule msichana, na macho ya mwanangu yakapanda nacho. Kilishuka, yakashuka.

"We! Anaitaka!" mwenye duka akasema. "Mpe, mpe kidogo."

"Yaya!" nikasema kwa Kisukuma, kwa hofu tupu. Hapana. Kitu cha barafu, mtoto aliyekatazwa baridi! Kichomi kingemmaliza kabla ya jioni. Na pipi za matajiri ni chakula? Nikamgeuzia mtoto ukutani. Akajigeuza. Mtoto ambaye siku mbili hakuwa na nguvu ya kufukuza nzi alijigeuza mwenyewe.

Mama mkwe wangu akanigusa mkono. "Muulize ametia nini."

Nikamuuliza, kwa ukali kabisa, kama karani wa mahakama. Umetia nini? Mwanamke yule hakukasirika. Akahesabu kwa vidole. Maziwa ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi, kachemsha. Malai aliyoyaengua juu ya maziwa ya jana. Sukari. Viini vya mayai vinne, kavikoroga motoni mpaka vikawa vizito. Halafu matone ya vanila, kichupa alichotumiwa na dada yake Mwanza. Basi.

Nikarudia kimoyomoyo. Maziwa na mayai: kujenga mwili. Malai: mafuta, kutia nguvu. Sukari: nguvu. Nikaitoa karatasi ya mganga kifuani, nikaisoma. Maziwa, mafuta, sukari. Mungu wangu, ni kitu kilekile! Bakuli la mganga na chupa ya mwenye duka ni kitu kilekile, tofauti ni mayai, harufu na barafu. Na barafu ndiyo iliyokuwa inaniua.

Nikaomba kikombe kidogo. Nikakiweka chini ya kanga, juu ya tumbo langu, mpaka kikayeyuka chote na kupata joto la mwili. Nikajisifu kwa akili yangu. Nikampa kijiko. Akabana meno, akageuza uso, tena yakamtoka machozi, ya kwanza tangu tufike. Hakutaka hiyo. Alitaka ile aliyoiona, yenye moshi.

Sijapata kuogopa hivyo tena maishani, hata siku za kujifungua. Nikimpa, baridi inaweza kumzima. Nisipompa, hana kitu tumboni, kesho ni mpira. Nilimtazama mama mkwe wangu. Nilitaka aniamulie, ili ikiwa vibaya iwe yeye. Hakuniamulia. Alimfunika mtoto blanketi la pili, akamwingiza miguu yake miwili ile iliyovimba ndani ya kwapa zake mwenyewe kuipa joto, akasema, "Mimi nimeshika huku. Wewe shika huko."

Nikaomba kikombe kingine cha ile yenye moshi, nikachota kwa ncha ya kijiko kiasi cha punje ya mahindi. Nikaiweka juu ya ulimi. Akakunja uso. Halafu akameza. Nikaweka sikio kifuani kwake nikasikiliza pumzi, nahesabu, nangoja ikwame. Haikukwama. Nilipoinua kichwa mdomo wake ulikuwa wazi, kama kifaranga, ananingoja.

Punje ya pili. Ya tatu. Kila punje nasikiliza. Tulikuwa kwenye ya tisa mganga alipoingia, na unajua nilifanya nini? Nilikificha kikombe chini ya mto. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kuficha. Lakini mwanangu akaufuata mto kwa macho akaanza kulia, kilio chembamba, na mganga akasema, "Huyu analilia nini?"

Nikakitoa. Nikamwambia yote, maziwa, malai, mayai, sukari, vanila, barafu, na jinsi nilivyomfunika. Nikamwambia na soksi, ingawa hakuniuliza. Akakinusa kikombe. Akaonja kwa ncha ya kidole, nikadhani atanifukuza. "Malai ni mengi mno kwa tumbo lililolala njaa," akasema mwishoni. "Lakini amemeza. Chukueni mchanganyiko wangu uleule, mtie tone la hiyo vanila, upoozwe kwenye friji la huyu mama. Vijiko viwili viwili. Na hilo blanketi lisitoke."

Yule mwanamke wa duka alifanya hivyo siku kumi na moja. Alikuja na chupa yake ya chai asubuhi na mchana, hata baada ya binti yake kufungwa plasta na kuruhusiwa. Siku ya tatu mwanangu alianza kukojoa, akakojoa, akakojoa, tukaishiwa nepi tukatumia vitambaa vya magunia. Kila asubuhi nilibonyeza mguu kwa kidole gumba, macho nimefumba, halafu nafumbua. Shimo. Shimo dogo. Siku ya nane ngozi ilirudi. Miguu ikawa vijiti, mbavu zikatoka, na akacheka, akamvuta mama mkwe wangu hereni.

Tulirudi kijijini siku mbili kabla ya kliniki. Nilifikiria kusema naumwa. Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa, wangeamini. Usingizi sikuupata, nilikuwa nawaona wamejipanga. Lakini nilikwenda, kwa sababu mama mkwe wangu alimbeba mtoto akatangulia bila kuniuliza.

Ghala lilijaa. Nilimvua binti yangu kila kitu, na soksi hakuwa nazo. Nikamtundika. Mshale ukayumba, ukatulia, na mimi nikausoma kwa sauti ileile ya siku zote, ila mwishoni ilipasuka. Alikuwa amepungua kilo moja na nusu. Hakuna aliyepiga makofi. Nikasikia kamba ya mzani inavyolia.

"Bibi Afya," mmoja akasema, yule wa karanga juu ya paa, "wa kwako kapungua." Hakusema kwa kunicheka. Ningependa angenicheka.

"Kapungua," nikasema. "Kilo ile mliyoipigia makofi mwezi uliopita ilikuwa maji. Mwanangu alikuwa anaumwa njaa ndani ya nyumba yangu mimi, nikaona, nikamvika soksi ili msione." Nikamshusha, nikamwonyesha mguu kwa kila safu, nikabonyeza kwa kidole gumba mbele ya macho yao, ngozi ikarudi. "Siku ile haikurudi. Shimo lilibaki. Mzani haujui maji na nyama. Kuanzia leo nabonyeza mguu kwanza, ndipo napima."

Nikangoja kelele. Nilistahili. Badala yake, safu ya nyuma, yule mama mnyamavu, yule ambaye mwezi uliopita nilimpigia makofi mtoto wake, alisimama. Mtoto alikuwa amefungwa kanga kuanzia kiunoni mpaka vidoleni, joto lote lile. Alipita katikati ya wenzake, akaja akasimama mbele yangu, na akaanza kuifungua ile kanga, mkunjo mmoja mmoja, bila kunitazama usoni.

"Na mimi nilimfunika," akasema. "Nilikuwa nakuogopa wewe."